Fundi Nyuzi Alikuwa Wewe

Ni mwaka mmoja sasa tangu ukiache kioo chako cha kukuzia juu ya benchi la karakana, ukasema unakwenda kujinyoosha kidogo, nawe hukurudi kukichukua. Kingali palepale. Anayeandika ni mimi mumeo, na watoto wako wamekaa nami, mmoja kila upande, kama askari wanaomlinda mtuhumiwa. Binti yetu ameshanionya mara mbili kwamba kumbukumbu ni maneno ya heshima, si mahali pa kuendeleza ugomvi wa nyumbani. Nimemwambia kwamba mama yake na mimi tuliheshimiana kwa kugombana, na kila aliyewahi kupita mbele ya karakana yetu ni shahidi.

Tunakukumbuka kwa mengi, bibie. Wengi wanakutaja kwa upole. Hao ni wale ambao hawakuwahi kukusemesha ukiwa na gundi mbichi mkononi.

Tunakumbuka kichupa cha mafuta ulichokibeba kwenye mkoba wako miaka yote, pamoja na kitambaa. Ulikuwa huwezi kukaa kwenye nyumba ya watu mlango ukilia. Wengine wakiingia msibani wanatafuta mahali pa kuketi. Wewe ulikuwa unatafuta bawaba. Jirani yetu fundi viatu anasema mlango wake haujalia tangu siku ulipokwenda kumpa pole ya mama yake, na hapo ni miaka tisa. Saa za mtaa mzima zilipita mikononi mwako, kwa kuwa ulikuwa binti wa fundi saa na kila mtu alijua. Ulizitengeneza kisha ukazirudisha mwenyewe kwa mguu, na mtu akiuliza nikupe nini, unamjibu, “Nipe maji ya kunywa, jua kali.”

Sasa nifike kwenye kazi, maana ndiyo iliyonikalisha hapa.

Kwa wasomaji wasioijua kazi hii, uzi ninaousema ni wa mti. Ni kijiti kilichochongwa kikawa chembamba kama ukingo wa ukucha, cheupe au cheusi, kinacholazwa ndani ya mfuo uliokatwa kwenye uso wa meza au mlango wa kabati. Kikishakaa, ukipitisha kidole juu yake usisikie kitu. Jicho linaona mstari, kidole hakioni. Kidole kikiona, kazi imeharibika. Uzi mmoja wa namna hiyo unaweza kumpotezea seremala mzima siku mbili, na ulinipotezea mimi siku nne, mwaka wa pili wa ndoa yetu, juu ya kifuniko cha kisanduku. Nilikuwa nakata mfuo kwa kisu na patasi. Wewe ulikuwa umeniletea ufunguo niliousahau nyumbani. Ukasimama nyuma yangu, ukatazama, ukauliza, “Huo mstari umelewa?”

Nilikufukuza. Ulirudi baada ya siku tatu na kitu kwenye kiganja.

Ulikuwa umechukua utepe wa chuma kutoka kwenye tumbo la saa ya ukutani iliyokwisha kufa, ukaukata kipande cha urefu wa kidole, ukakichonga ncha kwa tupa ndogo aliyokupa baba yako siku ulipoolewa, ukakibana kwa skrubu mbili kwenye kipande cha mbao chenye bega. Bega linatembea kwenye ukingo wa ubao, chuma kinakwaruza. Mkono unapita bila kulazimisha, vumbi jembamba linatoka, unapita tena, mfuo unashuka taratibu, ukiwa umenyooka kama neno la kweli. Kwa sababu kinakwaruza ulikiita Paka. Kifuniko changu ulikimaliza kabla maji ya chai hayajachemka, na mimi nikajifanya natafuta msasa.

Baada ya Paka zikaja nyingine. Ulitengeneza bikari ya kukatia miduara, mkono wa mbao wenye pini upande mmoja na chuma upande wa pili. Ulitengeneza kile kigogo chenye nyembe mbili zilizosimama karibu karibu. Kijiti kinavutwa katikati yake tena na tena mpaka kitoke na unene mmoja kuanzia kichwani hadi mkiani. Hicho ulikiita Mlango wa Peponi, kwa kuwa wengi walivunjikia hapo. Vijiti vyeupe ulivitoa kwenye matawi ya mlimau wa nyuma ya nyumba, vyeusi kwenye vipande vya mpingo nilivyokuwa nikivitupa. Hakuna zana hata moja kati ya hizo iliyotoka dukani. Nasema kwa kifua mbele: nimefanya kazi na mafundi wa kila aina miaka arobaini na miwili, na sijamwona mwingine aliyeweza kutengeneza chombo chake asubuhi na kukitumia jioni kana kwamba alizaliwa nacho.

Hapa binti yetu ameniambia, “Baba, sema na habari ya pengo.” Nilikuwa nafika.

Mwaka wa tatu wa Paka, nilimchukua bila ruhusa nikamwangusha kwenye saruji. Ulimwokota, ukamtazama kwa kioo chako, ukasema, “Umemng'oa jino.” Katikati ya makali yake palikuwa pametoka chembe, pengo dogo kama unywele. Nikasema lete nimnoe, dakika tano tu.

“Thubutu! Wewe ndiye uliyemng'oa. Atakaa na pengo lake, akusute.”

Na kweli alinisuta. Kuanzia siku hiyo kila mfuo uliokatwa na Paka ulibaki na kituta chembamba katikati ya sakafu yake, kikiufuata mfuo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mimi ni mtu wa kazi safi, jambo hilo lilikuwa linaninyima usingizi. Wewe ulisema gundi nayo inataka mahali pa kushika.

“Uzi ukishalala juu yake, nani atakiona?”

“Mimi nakiona.”

“Basi fumba macho.”

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikuwahi kulitilia maanani. Hukugusa ubao wa kazi kabla ya kujaribu mfuo kwenye kipande kibovu. “Ubao wa kweli haujui samahani,” ulikuwa unasema. Ulijaribu mara tatu, mara nne, ukageuza kipande, ukakiandikia kitu kwa penseli, ukakitupa pembeni. Na mimi, nisiyependa kuona mbao ikipotea, nilikuwa navikusanya vile vipande navichonga kabari. Sakafu ya nyumba yetu aliijenga mtu ambaye pima maji aliisikia kwa jirani. Hakuna kitanda, kabati wala meza iliyosimama wima ndani ya nyumba ile bila kabari chini ya mguu mmoja. Nilichonga, nikachomeka, nikaenda zangu.

Sasa lile gumu.

Mteja wa kwanza aliyeuliza ni nani kalaza nyuzi hizi, wewe ulinifinya mgongoni. Alipoondoka ukaniambia, “Nyamaza tu. Akijua ni mimi atarudi na rula.” Nilinyamaza. Wa pili akauliza, wa tatu, nikawa nanyamaza bila kufinywa. Watu wakaanza kuniita Fundi Nyuzi, na jina likanikaa vizuri kama koti la kushonewa.

Kisha ikaja meza ya maktaba kuu. Ile ya duara, ya chumba cha kusomea, ya mbao za mkangazi, yenye miale thelathini na miwili inayotoka katikati kwenda ukingoni. Mbao na miguu nilifanya mimi kwa miezi minne. Nyuzi ulifanya wewe kwa miezi mitano, mwale mmoja mmoja, umebana ubao mnyoofu, Paka mkononi, kioo jichoni, na ole wake atakayekohoa. Siku ya kuikabidhi tulivaa, tukaenda wote wawili. Mkuu wa maktaba wa wakati ule alipitisha kiganja juu ya meza, akanishika mkono, akasema mbele ya watu wote, “Fundi, mkono huu Mungu aulinde!”

Siku ile hukunifinya. Ulikuwa umesimama kando yangu na mkoba wako, ukingoja. Nami nikasema, “Asante, mheshimiwa.”

Tulipokuwa tunarudi nyumbani ulisema neno moja tu: “Mlango wao mkubwa unalia. Nilisahau kuupaka mafuta.” Wewe, usahau bawaba! Nilijua ni kitu gani umekisema, nikajifanya sijui. Nilijifanya sijui kwa miaka ishirini na miwili. Watoto wamenitazama nilipoandika sentensi hiyo, na hakuna aliyesema niifute.

Ulipoondoka sikuingia karakana miezi miwili. Mwezi wa tatu nikaingia. Seremala hana maua ya kupeleka. Akitaka kumheshimu mwenzake aliyetangulia, humnolea zana zake. Nilikaa na jiwe na mafuta tangu asubuhi, nikanoa nyembe za Mlango wa Peponi, nikanoa bikari, nikanoa patasi zako ndogo zote. Mwisho nikamchukua Paka. Nililia nikimnoa, sioni haya kusema. Nilimsugua mpaka makali yakawa sawasawa kuanzia kona hadi kona, yakanyoa vinyweleo vya mkono wangu. Nikamfunga kwenye kitambaa chenye mafuta, nikajisikia kwamba angalau jambo moja nimekutendea vizuri.

Mwezi wa kumi paa la maktaba likavuja juu ya meza yako. Maji yalikaa siku mbili, nyuzi za miale sita zikafumuka. Wakamwita mama mmoja anayetengeneza samani za zamani, mwanamke wa makamo, kiti cha nyuma cha gari lake kimejaa vibanio. Siku ya nne akabisha hodi kwetu.

“Shikamoo mzee. Namtafuta Fundi Nyuzi.”

“Marahaba. Umemkosa kwa miezi kumi.”

Lilinitoka kabla sijalifikiria. Yule mama akanitazama, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umemwelekeza kwangu. Nikamkaribisha ndani, akaeleza shida yake. Katika kila mfuo aliofungua amekuta kituta katikati, chembamba, kimenyooka, mwale hadi mwale. Miaka kumi na minane ya kazi hajaona kitu kama kile. Alitaka kumshika mkono mwenye zana hiyo. Halafu akaongeza kwamba meza ikishapona maktaba itaweka kibao cha shaba ukutani, chenye jina la aliyeifanya, na maneno yamekwisha andikwa. Jina ni langu. Mchongaji wa vibao anayasubiri Ijumaa.

Ilikuwa Jumatatu.

Nilimweleza yote, tangu ufunguo niliousahau mpaka “asante, mheshimiwa.” Nilipomaliza akasema, “Mzee, vaa viatu twende kwa katibu.”

Katibu wa maktaba ni mtu mwema, tai yake imefungwa vizuri, anaongea na wazee kwa sauti ya chini. Alinivutia kiti. “Mzee wangu, pole sana. Hata mimi mke wangu akitangulia, nitataka kumpa kila kitu. Lakini barua zote tulizonazo zinasema wewe. Picha zinasema wewe.”

“Barua hizo niliziandika mimi.”

“Ndiyo hivyo, mzee. Sasa nikaiambie kamati nini? Kwamba umebadili mawazo?”

“Zana yake ina pengo,” nikamwambia. “Pengo hilo ndilo lililofanya vile vituta. Njoo uione.” Akasema yeye hawezi kutoka, ila mama wa samani akiiona na kuithibitisha, kamati itamwamini. Nilirudi nyumbani natembea kama kijana. Niliwapigia watoto simu, nikawaambia kesho asubuhi waje wote, mama yenu anarudishiwa chake.

Walikuja. Mama wa samani alikuja na kipande cha nta alichokibonyeza ndani ya mfuo kuchukua alama ya kituta. Nikamleta Paka ndani ya kitambaa chake, nikamfungua mezani mbele yao.

Alikuwa anang'aa. Makali yamenyooka kuanzia kona hadi kona.

Binti yetu ndiye aliyesema. “Baba! Umemnoa?”

Mwanao kinyozi, ambaye makali ndiyo mkate wake, alimchukua, akamgeuza kwenye mwanga, akamweka chini taratibu. “Amenolewa vizuri sana,” akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Nimezika wazazi, nimekuzika wewe, lakini sijawahi kujiona mjinga kama asubuhi ile. Ulikuwa umeweka alama moja tu duniani ya kusema huu ni mkono wangu, nami nimeifuta. Nimeifuta kwa mapenzi, tena kwa mafuta mazuri. Mwanao akashauri tumng'oe jino tena. Nikamwambia pengo la leo litakuwa uongo, na mimi uongo kwenye meza ile nimeshausema wa kunitosha. Mama wa samani akaitikia kwa kichwa, akasema pengo la kutengeneza lisingekaa sawa na nta yake.

Binti yetu akaleta chai, maana hakuna lingine la kufanya. Yule mama alikuwa amekaa upande wako, pale karibu na dirisha, na aliponyoosha mguu akapiga kabari ya chini ya meza, ikaruka. Meza ikainama. Chai ikamiminika yote kwenye suruali ya kinyozi, akaruka kama aliyeumwa na siafu. Mgeni, kwa malezi mema, akapiga magoti airudishe kabari mahali pake. Alikaa huko chini muda mrefu kuliko kabari inavyohitaji.

“Mzee,” sauti ikatoka chini ya meza, “kitu hiki umekitoa wapi?”

“Kabari hiyo? Nimechonga mwenyewe.”

“Kutoka wapi?”

Akatoka nayo. Upande wa juu, ule uliokuwa umebanwa na mguu wa meza miaka yote hiyo, kulikuwa na mfuo wenye urefu wa kidole gumba. Katikati ya mfuo, kituta. Akaweka nta juu yake, ikaingia na kukaa kama mguu kwenye kiatu chake. Akaigeuza kabari. Penseli yako ilikuwa haijafifia:

*Maktaba. Mwale. Jaribio la tatu. Mume wangu anasema panatosha. Hapatoshi.*

Kisha kinyozi na suruali yake mbichi akakimbilia chumbani, akalala kifudifudi chini ya kitanda. Binti yako, mwalimu wa hesabu, mtu mzima mwenye wanafunzi wanaomwogopa, akavua viatu akapanda juu ya stuli kuangalia nyuma ya kabati. Tuliibomoa nyumba, bibie. Tulitoa kabari chini ya jokofu, chini ya pipa la maji, chini ya mlango wa jikoni, nyuma ya kioo cha ukumbini. Kinyozi akakumbuka kwamba alipohamia kwake nilimpa kumi, akaenda hadi kwenye duka lake, akamwinua mteja aliyenyolewa nusu ili achukue ile ya chini ya kiti. Ilipofika saa nane mchana tulikuwa na kabari ishirini na saba kwenye kapu, na hakuna chombo kilichosimama wima ndani ya nyumba.

Tulizisoma zote. *Kabati la daktari. Gundi nzito mno.* *Jaribio la kwanza. Mikono baridi.* *Maktaba. Mwale. Jaribio la pili. Paka amechoka, mimi pia.* Na moja yenye mfuo safi ajabu, imeandikwa neno moja tu: *Sasa.* Nyuma ya kioo cha ukumbini ndiko ilikokuwa, na kila asubuhi nimekuwa nikichana nywele mbele yake.

“Baba,” akasema binti yetu, vumbi kichwani, “bidii yako nusura ituangamize. Uzembe wako ndio uliotuokoa.” Huyo ni mwanao kabisa.

Tulilipeleka kapu kwa katibu siku ya Jumatano. Alivaa miwani, akachukua kabari moja moja, akalinganisha na mifuo ya mezani chini ya kioo cha kukuzia, ambacho ni hiki chako, nilikibeba kwa siku hiyo tu na jioni nikakirudisha benchini. Alikuwa mzito kama hakimu. Alipofika kwenye *mume wangu anasema panatosha*, midomo ikaanza kumcheza. Aliposoma *hapatoshi*, alicheka mpaka akalegeza tai. Kisha akaiweka ile kabari mbele yake kwa mikono miwili.

“Mzee,” akasema, “huyu anayesema hapatoshi ndiye fundi.”

Kibao kimewekwa mwezi uliopita. Majina yako yote matatu yapo juu, kwa herufi kubwa, na chini yake: *alitengeneza zana zake na kulaza nyuzi hizi.* Langu linafuata kwa herufi ndogo, kwa mbao na miguu. Kinyozi amekuwa akinitania tangu siku hiyo kwamba nimebaki na miguu. Ni kweli, nayo ni mizuri; hata wewe uliikubali. Kabari ya jaribio la tatu imewekwa ndani ya kisanduku cha kioo kando ya meza, watu wazima wanainama kuisoma na wanacheka.

Miale sita iliyofumuka ameilaza upya mama wa samani. Palipokuwa pameoza alitia mbao mpya na kukata mifuo mipya, na aliomba kutumia Paka. Nilimpa. Nikamuuliza kama hasikitiki kwamba mifuo yake haitakuwa na kituta. “Ni vizuri hivyo,” akanijibu. “Atakayekuja kuifungua baada yangu ajue ipi ni ya mama na ipi ni yangu.” Kwa hiyo hata kunoa kwangu kumepata kazi. Nimekuwa nikitafuta njia ya kukwambia hilo.

Na siku ya kibao, kabla wageni hawajafika, nilikwenda mapema na mkoba wako. Mlango mkubwa wa maktaba ulikuwa ungali unalia, miaka ishirini na miwili. Mlinzi aliniuliza nafanya nini. Nikamwambia namalizia kazi ya mke wangu. Bawaba tatu, matone mawili mawili, nikafuta kwa kitambaa chako. Wageni walipoingia haukusikika.

Njiani watu bado wananisalimu, “Fundi Nyuzi!” Nawajibu, “Hayupo. Mimi ni mumewe.” Sijawahi kuwa na cheo kinachonipendeza kama hicho.

Nyumbani meza yetu ya kulia inayumba. Ukiegemea upande wangu, chai inakuja kwangu. Ukiegemea upande wa dirisha, inakwenda mahali ulipokuwa unakaa. Mbao ninazo, na kuchonga kabari nyingine ni kazi ya dakika mbili. Hakuna anayeruhusiwa.

Unakumbukwa na mumeo, seremala wa miguu. Binti yako mwalimu wa hesabu na mumewe. Mwanao kinyozi na mkewe, pamoja na yule mteja aliyenyolewa nusu, ambaye amesema naye aandikwe. Wajukuu wako wanne, ambao wamegawana vile vijiti vya mlimau ulivyobakiza na wanaviita urithi. Dada yako, aliyesema siku zote kwamba meza ile ni yako na hakuna aliyemsikiliza. Fundi viatu jirani yetu na mlango wake. Na mama wa samani, ambaye sasa huja kila mwisho wa mwezi, hukaa upande wa dirisha, na hushika kikombe chake kwa mikono miwili.

Daima tutakukumbuka, bibie. Watoto wameisoma kumbukumbu hii kuanzia juu hadi chini, wanasema inatosha.

Haitoshi.